Rundo la Saba Lina Chumba Ndani

Mlionisoma wiki iliyopita mnajua nilipofika: mke wangu nimeshamzika, na siri nimeshaitoa nusu. Leo naitoa nusu iliyobaki. Mkitaka kunilaani nilaanini, lakini mnilaani kwa haki, mtuweke kapu moja, mimi na wakubwa zangu.

Kwa aliyechelewa kunikuta: mimi ni mpiga bambo. Bambo ni kile chuma kilichochongoka, chenye mfereji katikati. Unakichoma tumboni mwa gunia, punje zinateremka kiganjani, unajua kama nafaka ni nzima au imeoza bila kulifungua. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa kwenye ghala la akiba, lile lililojengwa kulisha watu siku ya shida. Shule niliishia darasa la nne. Gunia ndilo nililolisoma mpaka mwisho.

Mke wangu alipougua, bosi wetu, tuliyemwita Mzee Tosha kwa sababu kila kitu kwake kilikuwa kinatosha, alitoa gari la ofisi limpeleke hospitali. Wiki ya pili akaniita.

"Fundi, mimi nilikufaa. Na wewe nifae. Nijengee rundo la saba, lakini uliache na chumba ndani."

Nikamjengea. Kuta za magunia mawili mawili, juu nikalaza mbao, juu ya mbao nikapanga magunia. Kwa nje rundo limeshiba. Kwa ndani ungehamia na familia yako. Mahindi yaliyopaswa kukaa humo yalitoka mchana kweupe, kwenye malori, na karatasi zenye mihuri. Wezi wadogo huvunja mlango. Wakubwa hupigiwa saluti wakitoka.

Na mke wangu alikufa vilevile.

Kisha mvua ikaja, mto ukapanda, daraja likaenda na maji. Mji ukabaki kisiwa. Marundo sita ya kwanza yakagawiwa, yakaisha. Likabaki la saba.

Hapo ndipo tulipo.

*

Asubuhi ya siku ya kumi na sita tangu daraja liende nilimkuta mama mkwe wangu jikoni anapima unga kwa kikombe cha chai. Alikuwa akiusawazisha kwa kidole kama anayepaka dawa kidonda.

"Kimebaki kikombe hiki na kingine," akasema. "Lakini sina wasiwasi."

"Jana si vilikuwa sita, mama?"

"Vinne nimewapa majirani. Wale wa mlango wa bluu watoto wao walilia mpaka wakanyamaza wenyewe. Mtoto akinyamaza mwenyewe, mkwe wangu, hilo si jambo la kusubiri."

"Mama! Na sisi?"

"Sisi tuna nini cha kuogopa? Nimewaambia mtaa mzima: tulieni, mkwe wangu amelichoma rundo la mwisho kwa mkono wake, akasema limejaa. Si ulisema?"

Nilisema. Nilisema kibarazani, nilisema kisimani, nilisema msibani kwa mke wangu. Uongo ukishausema mahali pa msiba, nani atakuuliza mara ya pili?

Binti yangu alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, na mwanawe kifuani. Mjukuu wangu ana miezi minne. Alikuwa ananyonya, anaacha, analia, anarudi.

"Baba," binti akaniambia bila kuinua uso, "maziwa yanakatika. Tangu jana."

"Kunywa maji mengi."

"Maji ninayo tumbo zima, baba. Nikitembea nasikika."

Mama mkwe akacheka. Mimi sikuweza.

"Leo mkaguzi anakuja," nikasema. "Akishakagua, watafungua."

"Basi fanya haraka," binti akasema. "Mwambie mkaguzi huyu hapa hajui kusubiri karatasi."

Nikatoka.

*

Getini watu walikuwa wameshajipanga, na ndoo, na mabakuli, na foronya za mito. Waliponiona wakapisha. Wakapisha kwa heshima! Mwanamume mmoja akanivulia kofia.

"Mzee Bambo, ukichoma leo choma pole pole," akasema, "usije ukatutobolea chakula."

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Mdomo ukikauka hata kucheka kunakwaruza.

Ndani nilimkuta Kijiko, kuli wetu, ameketi juu ya gunia tupu. Aliitwa Kijiko kwa sababu hakuwahi kukutwa bila kijiko mfukoni. Popote palipo sufuria, yeye yuko tayari. Mguu mmoja anaburuta tangu gunia limwangukie. Siku hizo kijiko kilikuwa kinamning'inia shingoni kwa kamba.

"Nimekivaa kama hirizi," akaniambia. "Labda kitavuta jamaa zake."

"Mkaguzi yuko wapi?"

"Kwa bosi. Mwanamke. Ana buti za mpira na uso wa mtu asiyelala. Mzee, unatetemeka?"

"Njaa."

"Ah, hiyo tumeipata wote."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mzee Tosha akatoka na shati lake jeupe, na nyuma yake mkaguzi, mwanamke wa umri wa binti yangu, tope mpaka magotini, ubao wa karatasi kwapani.

"Huyu ndiye fundi wetu," Mzee Tosha akasema. "Mkono wake ni mizani."

"Shikamoo, mzee," mkaguzi akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesoma karatasi zako za kila mwezi. Safi sana."

Karatasi zile nilikuwa nazitia kidole gumba tu. Kujaza alijaza Mzee Tosha.

"Niwaelezeni jambo lilivyo," mkaguzi akaendelea, akitutazama wote watatu. "Kuna tishari la nafaka linapanda mto tangu jana. Ni moja tu. Saa nane mchana linafika mto unapogawanyika. Likishika mkono wa kushoto linakuja kwenu. Likishika wa kulia linakwenda mji wa pili, ambako ghala lilizama lote. Wenye akiba wataruka zamu, wasio na akiba watapata. Kwa hiyo hili rundo lenu ndilo linaloamua. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa sana," Mzee Tosha akasema. "Sisi tunatosha. Wapeni wenzetu."

Wapeni wenzetu! Alivyolisema, ungedhani ni mtakatifu. Rundo likisomeka limejaa, hakuna atakayeuliza mahindi yalikwenda wapi. Likisomeka tupu, wataanza kuulizana majina. Kwa hiyo bora mji ufe njaa kuliko wao waulizwe swali. Hiyo ndiyo hesabu ya wakubwa, na hawakuipatia darasa la nne.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa sita kasorobo.

Ungekuwa wakati wa kusema. Najua. Mnadhani sijui? Nilifungua mdomo kabisa. Mzee Tosha akaniwekea mkono begani, taratibu, kama baba.

"Fundi wetu amefiwa juzi," akamwambia mkaguzi. "Mvumilie. Tena huyu ndiye aliyelijenga rundo hili, peke yake, kwa mkono wake. Likiwa na kasoro, ni yeye."

Mkaguzi aliona ni sifa. Mimi nilisikia mlango wa jela.

Nikafunga mdomo.

*

Nikachoma gunia la kona. Punje zikateremka, za manjano, kavu, nzuri. Nikachoma la ubavuni. Nzuri. La mbele. Nzuri. Magunia ya ukutani yalikuwa mahindi kweli. Aliyesema mwizi hana ufundi hakumjua Mzee Tosha.

Mkaguzi akapima urefu kwa hatua, akapima upana, akahesabu tabaka kwa kidole. Ndivyo wanavyohesabu wote: uso mara uso. Tumbo hawaliulizi.

"Inatosha," Mzee Tosha akasema.

"Bado," mkaguzi akasema. "Apande juu. Nataka la katikati."

Mzee Tosha akakohoa. "Paa lina joto sana saa hizi, dada."

"Mzee atapanda. Au siyo, mzee?"

Ningesema mgongo unauma. Ningesema lolote. Nikapanda ngazi. Ndiyo, nikapanda! Mtu mwenye hofu hutii tu, yeyote atakayemwamuru wa kwanza.

Juu nilijua pa kukanyaga. Kuta za pembeni ni salama, katikati ni mbao, na chini ya mbao ni hewa. Nikatembea ukingoni, nikanyoosha mkono, nikachoma gunia la karibu, nikajaza kimfuko, nikakitupa chini.

"Hilo ni la pembeni!" sauti ya mkaguzi ikapanda. "Nasikia unavyotembea. Nenda katikati, mzee."

Nenda katikati. Nikatia mguu mmoja. Ukashika. Nikatia wa pili. Mafuriko yalikuwa yamelowesha hewa ya ghala siku kumi na sita, na mchwa hawana likizo. Nikachoma bambo kwenye gunia la katikati, nikaegemea kidogo, kidogo tu.

Mbao ikasema neno moja.

Nikaenda chini, na magunia mawili nyuma yangu.

*

Sijui nilikaa muda gani bila pumzi. Nilikuwa chali juu ya makapi, tumbo limekataa kuvuta hewa, kifundo cha mguu kimegeuka kuangalia pengine. Juu yangu palikuwa na tundu la mwanga, mbali, dogo kama sahani.

Nilikuwa ndani ya chumba nilichokijenga.

Nje, nyuma ya magunia, sauti zilikuja kama za watu walio chini ya blanketi.

"Nini hicho?" Mkaguzi.

"Gunia limeporomoka upande wa nyuma," Mzee Tosha akajibu, haraka, bila kumeza mate. "Na fundi ameteremkia huko huko. Ana desturi hiyo. Ataenda kunywa maji."

"Mzee! Mzee uko salama?"

Nikafungua mdomo. Haikutoka hata herufi.

"Ameshakwenda," Mzee Tosha akasema. "Sampuli si unayo mkononi? Tuandike."

Hewa ikarudi, nusu kijiko kwa wakati mmoja. Na pamoja na hewa likaja wazo baya, nalikiri hapa mbele yenu: nyamaza. Ukinyamaza, mkaguzi ataandika, ataondoka, Mzee Tosha atakutoa jioni, hakuna jela. Utakuwa umepata ajali tu. Mjane mwenzangu mmoja ana ghala la mihogo nje kidogo ya mji, huenda atanikopesha chakula. Huenda.

Nilinyamaza. Nilivuta pumzi kumi nimenyamaza. Nilizihesabu.

Kisha nikamsikia mjukuu wangu. Hakuwepo, najua, alikuwa nyumbani. Lakini nilimsikia ananyonya, anaacha, analia. Nikangoja arudi kulia. Hakurudi. Alikuwa amenyamaza mwenyewe.

Nikapiga yowe.

"Ni tupu! Mwanangu, rundo ni tupu! Nimo ndani yake! Nililijenga mimi! Hakuna mahindi humu, kuna makapi na mimi!"

"Paka," Mzee Tosha akasema. Wallahi alisema paka.

"Paka hasemi mahindi," mkaguzi akajibu. Nikasikia buti zake zikikaribia ukuta. Sauti yake ikaja karibu sana, kama aliyeweka mdomo kwenye gunia. "Mzee? Umesema tupu?"

"Tupu, mwanangu! Ni ukuta tu. Kimbia kwenye redio yenu ya mawasiliano, liite tishari lije kushoto! Saa nane bado!"

Nikasubiri kusikia buti zikikimbia. Zilisimama pale pale.

"Mwanangu, umenisikia?"

"Ujumbe nilishautuma," akasema.

Sikuelewa.

"Niliutuma asubuhi, saa mbili, kabla sijaja huku." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyevunja kitu. "Nina maghala manne ya kuzunguka kwa miguu, mzee, kwenye tope. Nisingewahi. Nikanakili karatasi yako ya mwezi uliopita. Karatasi zako hazijawahi kukosea hata mara moja. Nikaandika: limekaguliwa, limejaa. Huku nilikuja kutia sahihi tu, na la katikati nililitaka ili dhamiri inyamaze."

Karatasi yangu. Kidole gumba changu.

Nilikuwa nimelidanganya tishari kabla sijafika getini.

"Basi ufute!" nikapiga kelele. "Rudi useme ulikosea! Saa nane bado haijafika!"

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, naweza kurudi. Nikienda sasa hivi nitawahi."

Nikalia pale juu ya makapi. Nikamwita mwanangu, mkombozi wangu, nikamwita majina ambayo sikumwita hata mama yangu.

Hapo Mzee Tosha akaongea. Hakupandisha sauti. Watu wale huwa hawapandishi.

"Nenda, dada. Ni haki yako. Ila ukifika kwenye redio utasema nini? Kwamba ulikagua ghala ukiwa kitandani? Mji mzima uko pale getini. Mimi watanikamata, sawa, mimi ni mzee. Wewe jina lako liko kwenye ujumbe, na saa imeandikwa. Saa mbili asubuhi."

"Nilikuwa nimechoka," mkaguzi akasema.

"Wote tumechoka."

"Nina watoto wawili."

"Na mimi nina mjukuu!" nikapiga kelele. "Ana miezi minne!"

Walikuwa wanaongea wao kwa wao, wenye karatasi kwa wenye karatasi, na mimi nilikuwa gunia.

"Mji wa pili nao wana njaa," Mzee Tosha akasema kwa upole. "Chakula hakipotei. Kinakwenda kwa watu. Na hapa maji yatashuka, wiki moja, wiki mbili, watu watajikaza. Watu wetu wanajua kujikaza."

Muda ukapita. Sikuwa na saa mle ndani. Nilisikia kalamu ikifunguliwa, au labda nilidhani.

Halafu mkaguzi akauliza jambo moja. Nikilala mpaka leo nalisikia.

"Huko ndani ana maji?"

"Tutampa," Mzee Tosha akasema. "Ni mpaka saa nane tu. Tishari likishapita, tunamtoa, tunamfunga mguu, anakwenda kwa mjukuu wake. Nani atamdhuru fundi wetu?"

"Mpaka saa nane tu."

"Tu."

Buti zikaondoka. Nikaziita. Nikaziita mpaka zikatoka mlangoni, na mlango ukajifunga.

"Kijiko!" Mzee Tosha akaita. "Leta turubali."

*

Msiojua ghala mtasema turubali ni la mvua. Ndani ya nyumba yenye paa mvua inatoka wapi? Rundo la nafaka hufunikwa turubali kwa ajili ya dawa. Unalifunika mpaka chini, unabana kingo kwa mifuko ya mchanga, unaingiza vidonge, unatoka mbio. Vidonge vikikutana na hewa vinatoa moshi usioonekana, wenye harufu ya kitunguu saumu. Siku tatu, na hakuna kinachopumua chini ya turubali. Dumuzi wanaotoboa mahindi, panya, nyoka, wote. Nimewafagia mwenyewe.

Nikasikia turubali linaburutwa sakafuni. Nikasikia na mguu mmoja ukiburutwa pamoja nalo.

Nilijaribu kupanda ukuta. Kifundo kikanirudisha. Nilichomoa bambo kwenye makapi, nikalidunga kati ya magunia nipate pa kushika, mahindi yakanimwagikia usoni, nikaanguka tena. Mwizi amezikwa na alichoiba, ningekuwa mwingine ningecheka.

Sahani ya mwanga juu yangu ikaliwa upande. Ikawa nusu. Ikawa mstari. Ikaisha.

"Bana kingo vizuri," nikamsikia Mzee Tosha. "Kopo liko pale. Weka vidonge kumi na mbili, kila upande vitatu. Mimi nakusubiri nje, nina kifua."

"Kumi na mbili, bosi? Kwa dumuzi gani?"

"Fanya kazi yako."

Mlango ukafunguka. Ukafungwa.

Giza lilikuwa zito, lina vumbi. Nje ya ukuta, usawa wa sikio langu, mtu akachuchumaa. Nilimjua kwa kijiko, kiligonga kopo.

"Mzee Bambo," Kijiko akanong'ona. "Uko hai?"

"Nipo. Kijiko, mwanangu, usiweke. Nivute nje. Kimbia kwenye redio, liite tishari, muda bado upo."

"Bosi yuko mlangoni na ufunguo. Hapa ndani tuko wawili tu, mimi na wewe, na mimi siwezi kukimbia." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nyuma nikiviringisha turubali. Nilisikia kelele zako tu, maneno sikuyapata. Niambie wewe mwenyewe. Mke wangu yuko pale getini tangu alfajiri, ana ndoo. Nimemwambia asiondoke, kwa sababu Mzee Bambo amesema rundo limejaa. Limejaa, mzee?"

Nilikuwa nimeusema ule uongo kibarazani, kisimani na msibani. Ningeweza kuusema mara moja zaidi. Ningemwambia limejaa, na labda angenionea huruma.

"Halijajaa," nikasema. "Halijawahi kujaa. Mimi ndiye niliyelijenga hivi."

Nilisikia anavyopumua. Kisha nikasikia kifuniko cha kopo kinaanza kufunguka.